Kasri la Montaigne: Nyumba Ilimozaliwa Insha

Neno la Kifaransa château humtatiza mfasiri wa Kiswahili. Likitafsiriwa 'ngome', fikira za msomaji huelekea Mombasa, kwenye kuta nene za Ngome ya Yesu na mizinga yake inayoitazama bahari. Likitafsiriwa 'kasri', humjia picha ya jumba la sultani lililojaa mapambo. Jengo linaloshughulikiwa katika makala haya lilikuwa na sehemu ya yote mawili, na juu ya hayo lilikuwa nyumba ya shamba yenye kuku uani, mapipa ya mvinyo ghalani na vibarua langoni. Hapa litaitwa kasri, kwa kuwa hakuna neno lililo karibu zaidi.

Kasri hilo ni la Montaigne, nalo limo katika kijiji cha Saint-Michel-de-Montaigne, jimbo la Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, yapata kilomita 50 mashariki ya mji wa bandari wa Bordeaux. Limejengwa juu ya kilima kinachotazama bonde la mto Dordogne na mashamba ya mizabibu. Katika karne ya 16 aliishi humo Michel de Montaigne, mtu aliyeandika kitabu kilichoupa utanzu wa insha jina na umbo lake katika fasihi ya Ulaya. Mwanafunzi wa Kiswahili huandika insha tangu shule ya msingi, husahihishiwa na kupewa alama; ni nadra kuelezwa kwamba utanzu huo una mahali ulipozaliwa, chumba hasa, chenye madirisha matatu na boriti zinazohesabika. Kuielewa historia ya chumba hicho, na ya nyumba iliyokizunguka, ni kuelewa jambo fulani kuhusu utanzu wenyewe.

Kasri lililonunuliwa

Ni kawaida kudhani kwamba kila kasri la Ulaya lilirithiwa tangu zama za mashujaa wa vita. La Montaigne lilinunuliwa kwa fedha za samaki. Ili jambo hili lieleweke, yafaa kurudi nyuma hadi mwaka wa 1152, pale Eleanor, mrithi wa nchi ya Aquitaine, alipoolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alitawazwa kuwa mfalme wa Uingereza. Kwa takriban karne tatu eneo hilo likawa chini ya taji la Uingereza, na mvinyo wa Bordeaux ukawa unasafirishwa kwa meli hadi kwa wanywaji wa ng'ambo. Mwaka wa 1453 majeshi ya Uingereza yalishindwa katika mapigano ya Castillon, mji ulio mwendo mfupi tu kutoka kilima cha Montaigne, na utawala huo ukafikia kikomo. Nchi ilibaki imeparaganyika. Koo za kale zilifilisika, na ardhi ikapatikana kwa mwenye kisu cha kukata nyama.

Mwenye kisu alikuwa Ramon Eyquem, mfanyabiashara wa Bordeaux aliyetajirika kwa kuuza mvinyo, samaki wa chumvi na mmea unaotoa rangi ya buluu ya kutia nguo. Mnamo Oktoba 1477 aliinunua nyumba ya Montaigne pamoja na mizabibu, misitu na vinu vyake kwa franki 900 za Bordeaux. Alikuwa tayari mzee na alifariki mwaka uliofuata, hivyo hakununua mahali pa kuishi. Aliwanunulia wajukuu wake daraja. Kwa desturi ya Ufaransa ya wakati huo, kabaila hakutarajiwa kusimama nyuma ya mizani. Ukoo uliotaka kuhesabiwa miongoni mwa makabaila ulipaswa kuishi juu ya ardhi yake, kushika silaha kwa ajili ya mfalme, na kuungoja wakati uwasahaulishe watu harufu ya bandari.

Mwanawe Ramon, Grimon, aliendelea na biashara. Ni mjukuu, Pierre Eyquem, aliyezaliwa mwaka wa 1495, aliyekamilisha mageuzi hayo. Alikuwa wa kwanza wa ukoo wake kuzaliwa katika kasri. Alipigana nchini Italia katika vita vya mfalme wa Ufaransa. Na mwaka wa 1554 akateuliwa kuwa meya wa Bordeaux. Ni yeye pia aliyeipanua nyumba, akaiimarisha kwa kuta na minara kwa idhini ya askofu mkuu wa Bordeaux ambaye ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wa eneo hilo. Mwanawe Michel, aliyezaliwa humo tarehe 28 Februari 1533, alikwenda hatua moja mbele: aliliacha jina la Eyquem kabisa na kujiita kwa jina la kasri. Hata akaandika kwamba hapo ndipo walipozaliwa wengi wa wahenga wake, kauli ambayo hesabu ya vizazi haiikubali. Mwandishi aliyewaahidi wasomaji wake kujianika bila pazia hapa alijifunika kidogo.

Kilatini kijijini

Kwa wanaisimu, kipindi cha utoto wa Michel kina kisa cha kuvutia. Pierre alikuwa amerejea kutoka Italia akiwa na hamu kubwa ya elimu mpya. Aliamua kwamba lugha ya kwanza ya mwanawe iwe Kilatini. Akamwajiri mwalimu Mjerumani asiyejua Kifaransa, akamkabidhi mtoto kabla hajaanza kutamka neno, na akaweka sheria nyumbani: baba, mama, watumishi na vijakazi, yeyote amwambiaye mtoto neno, alipaswa kutumia Kilatini kile kidogo alichoweza kukiokota. Watu wa kawaida wa eneo hilo walizungumza lahaja yao ya kusini, si Kifaransa cha Paris, sembuse Kilatini. Hata hivyo, kwa mujibu wa Michel mwenyewe, maneno ya Kilatini yalipenya hadi vijijini, na miaka mingi baadaye mafundi wa jirani walikuwa bado wanaziita baadhi ya zana zao kwa majina yaliyotokana na mchezo huo wa kasri.

Alipofikisha umri wa miaka sita hivi alipelekwa katika chuo cha Guyenne mjini Bordeaux, akafahamu Kilatini kuliko baadhi ya walimu wake. Ajabu ni kwamba mtu aliyelelewa namna hiyo, alipokuja kuandika, hakukichagua Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya nzima. Aliandika kwa Kifaransa, lugha iliyokuwa ikibadilika haraka kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuitarajia idumu miaka 50 katika umbo lile. Hoja kwamba lugha fulani haijakomaa kubeba fikra nzito si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili, na ni vyema kukumbuka kwamba Kifaransa nacho kiliwahi kusutwa vivyo hivyo.

Mnara

Pierre alifariki mwaka wa 1568 na kasri likawa la Michel. Wakati huo alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bordeaux. Rafiki yake wa dhati, Étienne de La Boétie, alikuwa amekwisha kufariki tangu 1563 na kumwachia vitabu vyake. Mwaka wa 1570 Michel aliacha kazi ya mahakama. Tarehe 28 Februari 1571, alipotimiza miaka 38, aliagiza maandishi ya Kilatini yachorwe ukutani kutangaza kwamba amechoshwa na utumwa wa mahakama na wa shughuli za umma, na kwamba ananuia kuyatumia maisha yake yaliyosalia katika makao ya wazee wake, kwa utulivu na uhuru.

Sehemu aliyoichagua ndiyo kiini cha makala haya. Hakuchukua ukumbi mkuu wala vyumba vya heshima. Alichukua mnara mmoja wa mviringo kwenye pembe ya ua, juu ya lango la kuingilia. Ghorofa ya chini ilikuwa kanisa dogo. Juu yake palikuwa na chumba cha kulala alimojitenga mara nyingi apate kuwa peke yake. Ghorofa ya pili, iliyowahi kuwa stoo ya nguo, ndiyo aliyoigeuza maktaba, naye anakiri kwamba hapo awali ndipo mahali palipokuwa hapana faida yoyote kuliko pote nyumbani. Juu kabisa ilining'inia kengele kubwa iliyolia alfajiri na jioni kwa ajili ya sala, ikautikisa mnara mzima. Aliizoea hata ikawa inalia naye amelala.

Kipenyo cha chumba hicho ni hatua 16. Ukuta wake ni wa mviringo isipokuwa upande uliotosha kuweka meza na kiti, na rafu ziliupinda ukuta kwa safu tano, hivi kwamba mwenye kiti aliweza kuviona vitabu vyake vyote, takriban 1,000, bila kuinuka. Kupitia madirisha aliiona bustani, uga, banda la kuku na sehemu kubwa ya nyumba yake. Aliwaona watumishi walipokwenda na waliporudi. Pembeni pana chumba kidogo chenye meko, kwa ajili ya majira ya baridi. Hakuwa mtu wa kukaa. Aliandika kwamba fikra zake husinzia zinapoketishwa, kwa hiyo alitembea huku na huku akiamuru maneno yaandikwe, au akifungua kitabu hiki na kile bila mpango.

Kwenye boriti za dari aliagiza yaandikwe maneno ya Kigiriki na Kilatini, semi fupi zipatazo 60, kutoka kwa wanafalsafa wa shaka, kutoka kwa washairi wa Roma, na kutoka katika Biblia, hasa kitabu cha Mhubiri. Nyingi zinamkumbusha binadamu udogo wa maarifa yake. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba baadhi ya semi zimeandikwa juu ya nyingine zilizofutwa. Mwenye nyumba alibadili mawazo, akabadili dari.

Ndivyo alivyoandika kitabu chake pia. Sehemu mbili za kwanza zilichapishwa Bordeaux mwaka wa 1580 kwa jina la Essais, yaani 'majaribio'. Toleo lililopanuliwa, lenye sehemu ya tatu, lilitoka Paris mwaka wa 1588, na tangu hapo hadi kifo chake alizijaza pambizo za nakala yake mwenyewe kwa nyongeza za mkono, nakala ambayo imehifadhiwa Bordeaux hadi leo. Aliongeza, ila hakupenda kufuta kauli za zamani hata pale zilipopingana na mpya. Hapa linganisho na neno la Kiswahili lina manufaa. Neno 'insha' limetoholewa kutoka Kiarabu, nalo katika asili yake hubeba maana ya kuunda na kutunga. Katika ofisi za watawala wa Kiislamu lilihusishwa na ufundi wa kuandika barua rasmi. Insha kwa maana hiyo ni kitu kilichokamilika, chenye mpangilio unaostahiki muhuri. Essai ni jaribio, kitu ambacho mwandishi hana hakika nacho na hataki kujifanya kuwa nacho. Maneno mawili yenye asili mbili yamekutana katika kutaja utanzu mmoja, na mvutano uliopo kati ya insha ya shuleni na insha ya kifasihi huenda unatokana na hapo. Shaaban Robert, aliyewaandikia Waswahili Kielezo cha Insha, aliujua ufundi wa mpangilio. Montaigne angechukua karatasi ya mtihani, aanze na farasi, apitie mawe ya figo, amalizie na wafalme wa Peru, na mtahini angemnyima alama bila kusita.

Lango lisilolindwa

Haifai kudhani kwamba utulivu uliotangazwa ukutani ulipatikana. Kuanzia 1562 hadi 1598 Ufaransa iliteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na eneo la Dordogne lilikuwa katikati ya moto. Michel alikuwa Mkatoliki. Wengi wa majirani zake walikuwa Waprotestanti. Makasri yaliyoizunguka nyumba yake yalijaa askari na mizinga, na mengi kati ya hayo yalitekwa.

Lake halikutekwa. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba hakulilinda. Langoni aliweka bawabu mmoja mzee, kwa adabu zaidi kuliko kwa ulinzi, na hakuongeza ukuta wala askari. Hoja yake ilikuwa kwamba ulinzi humchokoza mshambuliaji na kumpa utukufu wa ushindi, ilhali kuiteka nyumba iliyo wazi ni kitendo cha aibu. Anasimulia kisa cha jirani aliyefika mbio langoni akidai kwamba anafukuzwa na maadui. Alifunguliwa. Mara wakafika askari wake wanne watano, kisha wengine, hadi wakawa 25 au 30 ndani ya uga, juu ya farasi zao. Mwenye nyumba aling'amua hila lakini akaendelea kuwakirimu kana kwamba haoni kitu. Jirani akaona haya, akapanda farasi, akaondoka na watu wake waliokuwa wakimkodolea macho wakingoja ishara. Baadaye jirani huyo alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba uso na uwazi wa mwenyeji ndivyo vilivyomvunja nguvu.

Je, sera hiyo ilikuwa hekima au bahati? Si busara kuifanya kanuni. Montaigne alikuwa na kinga nyingine ambayo haonekani kuisisitiza: alijulikana na kuaminiwa na pande zote mbili. Kuanzia 1581 hadi 1585 alikuwa meya wa Bordeaux, akipatanisha wakubwa. Mnamo Desemba 1584 Henri wa Navarre, kiongozi wa Waprotestanti na mfalme mtarajiwa, alilala kasrini kwa siku mbili pamoja na ujumbe wa makabaila wapatao 40. Alikula bila mwonjaji wa sumu, akahudumiwa na watumishi wa nyumba, akalala katika kitanda cha Michel mwenyewe. Alirejea tena kula mlo Oktoba 1587, siku chache baada ya ushindi wake wa Coutras. Nyumba ambayo mfalme hulala humo bila mwonjaji si nyumba isiyolindwa kabisa.

Tauni haikujali urafiki wa wafalme. Mwaka wa 1586 majeshi yaliuzingira mji wa Castillon, na nyuma yao ukaja ugonjwa. Michel alilazimika kuihama nyumba yake na kuzunguka na familia kwa muda wa miezi sita akitafuta wa kumpokea, huku marafiki wakiwaogopa. Alichokiona kwa wakulima wa jirani hakukisahau. Zabibu zilining'inia mizabibuni bila mvunaji. Watu walijichimbia makaburi wakiwa bado wazima, na mmoja wa vibarua wake alijivutia udongo juu yake kwa mikono na miguu wakati akikata roho. Mwandishi aliyevisoma vitabu vyote vya falsafa kuhusu kifo alikiri kwamba wasiojua kusoma wamemfundisha zaidi.

Mikono mingine

Maktaba haijilishi. Michel alikiri kwamba hakuweza kutofautisha kabichi na saladi katika bustani yake, na kwamba hesabu za shamba zilimchosha. Basi nani aliyezijua? Mama yake, Antoinette de Louppes, kutoka ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Uhispania, alieleza katika wasia wake wa 1597 kwamba alifanya kazi katika nyumba ya Montaigne kwa miaka 40 pamoja na mumewe, na kwamba kwa jasho na uangalizi wake thamani ya nyumba iliongezeka sana. Alimzika mwanawe na kuishi hadi 1601. Katika maelfu ya mistari ya Essais, mama huyo anatajwa kwa kupita tu. Mkewe Michel, Françoise de La Chassaigne, aliolewa mwaka wa 1565, akazaa mabinti sita na kuwazika watano wakiwa wachanga; naye ndiye aliyeisimamia nyumba mumewe alipokwenda Ujerumani na Italia mwaka wa 1580 na 1581. Baba anasifiwa kwa kurasa nyingi kwa ujenzi wake. Wasia ule mmoja wa kisheria ndio pekee unaomrejeshea Antoinette sehemu yake ya kuta.

Baada ya 1592

Michel alifariki kasrini tarehe 13 Septemba 1592, mwaka mmoja kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu. Mwili wake ulizikwa Bordeaux, na moyo wake ukabaki katika kanisa la kijiji. Françoise alituma maandishi ya mwisho Paris kwa Marie de Gournay, mwanamke msomi aliyeyachapisha mwaka wa 1595. Kasri lilimwendea Léonor, binti pekee aliyesalia, kisha uzao wake. Vitabu havikuwa na bahati hiyo: vilitolewa na kutawanyika, na vinavyotambulika leo kwa sahihi ya mwenyewe ni takriban 100 tu.

Nyumba iliendelea kuficha mali. Mwaka wa 1770 kasisi mmoja aliyeitwa Prunis, akikusanya habari za historia ya eneo hilo, alifunguliwa kasha kuukuu na kukuta ndani yake shajara ya safari ya Italia, ambayo hakuna aliyejua kwamba ipo. Ilichapishwa mwaka wa 1774. Hati yenyewe ikapotea baadaye. Katika karne ya 19 kasri lilinunuliwa na Pierre Magne, waziri wa fedha wa Napoleon III, aliyelikarabati kwa fahari. Mnamo 1861 wataalamu walizisoma na kuzinakili semi za boriti.

Januari 1885 moto ulizuka na kuliteketeza jengo kuu. Kumbi alizozijenga Pierre Eyquem, vyumba vya heshima na ukarabati wa waziri, vyote viliungua. Mnara wa pembeni, ile stoo ya nguo isiyokuwa na faida, haukuguswa. Jengo kuu lilijengwa upya kwa kuiga mtindo wa karne ya 16, na mizabibu ya kasri inaendelea kutoa mvinyo.

Anayetembelea mnara leo huingia kupitia kanisa dogo na kupanda ngazi nyembamba ya kuzunguka, ambayo mawe yake yamelika katikati kwa nyayo. Juu hakuna rafu wala vitabu. Kuna sakafu ya hatua 16, madirisha matatu na kuta tupu, na inambidi mgeni ainue shingo ili asome boriti, ambapo katika baadhi ya mistari herufi za zamani bado zinaonekana kwa mbali chini ya zile zilizoandikwa juu yake.